Treni ya risasi ya Japani: mwendo ni sehemu ndogo tu ya safari

Tangu nirudi kutoka Japani, kila nikikaa barazani swali ni lile lile: "Ile treni inakimbia kama risasi kweli?" Najibu kwamba ndiyo, inakimbia. Kisha nawaongezea jambo wasilolitarajia. Siku ya kwanza mimi na shemeji yangu tulipanda treni isiyokuwa yetu, tukaondoka nayo, na bado tukafika tulikokuwa tukienda bila kuchelewa hata dakika moja.

Wengine hudhani nawatania. Ndiyo maana nimeamua kuandika, ili nieleze jinsi safari zile zinavyokwenda kwa yeyote atakayejaaliwa kufika huko, na pia kwa sababu naona sisi wa Pwani tunaulizia kasi wakati jambo lenyewe liko kwingine.

Shemeji yangu huagiza magari yaliyotumika. Kama wenzake wengi wa Mombasa, riziki yake inategemea meli zinazoteremsha magari ya Japani pale Kilindini. Alikuwa ameahidiana na muuzaji mmoja mjini Nagoya, saa tano asubuhi. Muuzaji alisema wazi kwamba ana saa moja tu, baada ya hapo anaingia mnadani. Sisi tulikuwa Tokyo, kilomita 366 kutoka hapo kwa reli. Tulikata tikiti ya treni ya saa tatu kamili, inayofika Nagoya kwa muda wa saa moja na dakika 40 hivi.

Tulifika jukwaani mapema. Jukwaa moja lina reli pande zote mbili. Upande mmoja kulikuwa na treni nyeupe yenye mstari wa buluu, milango wazi. "Shemeji, ndiyo hii, wahi!" Tukaingia, tukaketi, milango ikafungwa. Nikatazama saa. Ilikuwa bado dakika tatu kufika saa tatu. Huko hakuna treni inayoondoka dakika tatu kabla ya wakati wake, kwa hivyo nikajua tumekosea.

Jina lenyewe

Kabla sijaendelea na aibu yetu, nianze na jina. Sisi tunasema "treni ya risasi", na Wajapani wenyewe waliwahi kutumia jina hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuwa na mpango wa reli mpya ya kasi, wakauita treni ya risasi. Baadhi ya ardhi ilinunuliwa na kazi ya mahandaki ikaanza, kisha vita vikausimamisha. Jina la leo, Shinkansen, halina habari ya risasi wala kasi. Maana yake ni njia kuu mpya.

Na huo upya wa njia ndio siri ya kwanza. Reli za zamani za Japani zina upana wa milimita 1,067, karibu sawa na reli yetu ya mkoloni ya mita moja. Zilipita katikati ya miji, zikakata barabara, zikapinda kufuata milima. Juu ya reli ya namna hiyo huwezi kukimbia hata ukiwa na injini gani. Kwa hivyo wakajenga njia nyingine kando yake, yenye upana wa milimita 1,435, upana ule ule wa SGR yetu. Njia hiyo haikatizwi na barabara mahali popote. Hakuna gari, mbuzi wala mwendesha boda anayeweza kuivuka. Treni za mizigo kwa kawaida hazipiti humo.

Njia ya kwanza, kati ya Tokyo na Shin-Osaka, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Ina urefu wa kilomita 515, zaidi kidogo ya Mombasa hadi Nairobi. Mwanzoni safari ilichukua saa nne, mwendo wa juu ukiwa kilomita 210 kwa saa. Leo mwendo wa juu katika njia hiyo ni kilomita 285 kwa saa, na treni ya haraka inamaliza safari kwa saa mbili na nusu au pungufu kidogo. Kaskazini mwa Tokyo, njia ya Tohoku, zipo zinazofika kilomita 320 kwa saa.

Mwangwi, nuru na tumaini

Sasa turudi kwenye kosa letu. Katika njia ya Tokyo na Shin-Osaka kuna treni za aina tatu, na kwa macho ya mgeni zote zinafanana. Kodama, maana yake mwangwi, husimama kila stesheni. Hikari, yaani nuru, husimama chache. Nozomi, yaani tumaini, ndiyo ya haraka kabisa, husimama kwenye miji mikubwa tu. Tikiti yetu ilikuwa ya Nozomi. Sisi tulikuwa tumekaa ndani ya Kodama.

Kodama ingetufikisha Nagoya baada ya zaidi ya saa mbili na nusu. Husimama kila mahali, na kwenye stesheni ndogo huingia reli ya pembeni na kusubiri Nozomi zipite. Muuzaji wa shemeji angekuwa amebakiza muda mfupi tu kabla ya kuingia mnadani.

Kuuliza si ujinga. Nilimwonyesha tikiti mzee aliyekaa ng'ambo ya njia. Hakujua Kiingereza, nami sijui Kijapani. Aliitazama tikiti, akatazama saa yake, akasimama. Alitupeleka mabehewa mawili mbele hadi tukampata kondakta. Kondakta hakutukaripia wala hakututoza faini. Alibonyeza kifaa chake, akachukua kikaratasi na kuandika jina la stesheni, dakika na namba ya jukwaa: tushuke Shin-Yokohama, tusimame pale pale, treni yetu inakuja nyuma.

Tukashuka. Baada ya dakika chache Nozomi yetu ikaingia, dakika ile ile aliyoiandika. Viti vyetu vilikuwa vitupu vikitusubiri. Shemeji aliketi, akafuta jasho, akaniambia, "Hawa watu hata ukipotea wanajua utapotelea wapi." Saa tano tulikuwa mbele ya mlango wa mwenyeji wetu.

Kwa hivyo msomaji, ukifika huko usitazame rangi ya treni. Linganisha jina, namba ya treni na dakika ya kuondoka iliyo kwenye tikiti na ile iliyo kwenye ubao. Zikiachana hata kwa dakika moja, hiyo si yako.

Tikiti, kiti na begi

Nauli ya Shinkansen ina sehemu mbili: nauli ya safari yenyewe, na nyongeza ya kupanda treni ya kasi. Wakati mwingine unapewa karatasi mbili, na zote mbili huingizwa pamoja kwenye lango la kuingilia. Lango huzitoa upande wa pili. Zichukue, maana utazihitaji kutokea.

Unaweza kukata kiti chenye namba au kiti huria, ambapo unapanga foleni na kukaa utakapopata. Foleni hufuata alama zilizochorwa sakafuni, na kila alama iko mahali ambapo mlango wa behewa lako utasimama. Angalizo moja: katika misimu ya sikukuu, kama mwaka mpya na likizo ya mapema Mei, Nozomi haina viti huria kabisa. Kata mapema.

Kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka, kiti cha kawaida ni yen 14,000 na ushei, kama shilingi 12,000 kwa ubadilishaji wa siku tulizokuwa huko. Ni ghali, sitaficha. Ni takriban mara nane ya nauli ya kawaida ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi. Wajapani wenyewe wasio na haraka hupanda basi la usiku. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu. Wageni wa muda mfupi wanaweza kununua pasi ya reli ya siku 7, lakini ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000, na ukitaka kupanda Nozomi unaongeza pesa. Kama unakwenda Nagoya na kurudi tu, pasi hiyo ni hasara. Piga hesabu kwanza.

Begi nalo lina sheria. Pima urefu, upana na kimo, ujumlishe. Ikizidi sentimita 160 lazima uwe umekata kiti chenye nafasi ya begi kubwa nyuma yake, la sivyo unatozwa yen 1,000. Sisi watu wa kurudi na mizigo ya jamaa wote tuliandike hilo.

Chakula hununuliwa stesheni, kwenye visanduku vilivyopangwa wali, samaki na mboga kwa ustadi kweli. Asiyekula nguruwe aulize, maana hutiwa hata pale usipodhania. Simu huzungumzwa kwenye nafasi kati ya mabehewa, si kitini. Na ukitoka Tokyo, kata kiti cha dirishani upande wa kulia, herufi E, uuone mlima Fuji baada ya kama dakika 40 au 45. Sisi siku hiyo tuliona mawingu tu.

Kwa nini haichelewi

Katika njia ya Tokyo na Shin-Osaka, Nozomi peke yake zinaweza kuwa hadi 12 kwa saa moja kwa upande mmoja wakati wa msongamano. Kila treni ina mabehewa 16 na viti zaidi ya 1,300. Ukikosa moja, hujakosa safari. Wastani wa kuchelewa kwa treni moja ni chini ya dakika mbili, hata ukihesabu siku za tufani na theluji.

Hilo halitokani na dereva hodari pekee. Kwa mwendo ule jicho haliwezi kusoma taa za kando ya reli, kwa hivyo amri ya mwendo huja ndani ya chumba cha dereva, na akizidisha, breki hujifunga zenyewe. Nguvu haitoki kwenye kichwa kimoja kama treni zetu za dizeli. Ni ya umeme, na mota zimesambazwa chini ya mabehewa mengi, ndiyo maana huondoka na kusimama upesi.

Halafu kuna watu. Tokyo, treni za kaskazini zinapogeuza, wasafishaji hupewa dakika 7. Wanafuta meza, wanaokota taka, wanageuza viti vyote vitazame mbele, wanatoka na kuinama kwa heshima.

Na kuna usiku. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna treni ya abiria inayopita. Hizo ni saa za mafundi, kila usiku wa Mungu, kukagua reli na nyaya. Kwa miaka mingi treni maalumu ya manjano iliyoitwa Doctor Yellow ilipita kila baada ya siku 10 hivi kupima njia. Wangeweza kuuza tikiti saa hizo, lakini hawauzi.

Japani ni nchi ya mitetemeko ya ardhi. Vipima-tetemeko hushika wimbi la kwanza, lile jepesi, na umeme hukatwa ili treni zianze kusimama kabla wimbi zito halijafika. Tarehe 11 Machi 2011, siku ya tetemeko kubwa na tsunami, treni 27 zilikuwa njiani katika njia ya Tohoku. Hakuna abiria aliyepoteza maisha ndani yake. Mwaka 2004 treni moja iliacha reli kwa tetemeko huko Niigata, na abiria wote wakatoka salama. Tangu 1964 hajafa abiria yeyote wa Shinkansen kwa treni kugongana au kuacha reli.

Waliolipa gharama

Nikisimulia haya barazani, kuna mzee mmoja huniuliza, "Na mabaya yake?" Yapo, na ni haki yasemwe.

La kwanza ni pesa. Mkuu wa shirika la reli la taifa, Shinji Sogo, alijua kwamba gharama ya kweli ikitajwa bunge litakataa. Akataja ndogo. Kisha ukachukuliwa mkopo wa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia, na serikali ikawa imefungika, haiwezi kurudi nyuma. Kazi ilipokaribia kwisha gharama ilikuwa karibu maradufu ya ile iliyotangazwa. Mwaka 1963 Sogo aliondoka, na mhandisi wake mkuu, Hideo Shima, akaondoka naye. Siku ya uzinduzi, watu hawa wawili hawakuwepo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1987, shirika lenyewe lilivunjwa na kugawanywa kuwa kampuni kadhaa, likiwa na deni la takriban yen trilioni 37. Njia ya Tokyo na Shin-Osaka yenyewe inaleta faida kubwa, lakini njia nyingi zilizojengwa kuwafurahisha wanasiasa hazikuleta, na sehemu kubwa ya deni lile ikaangukia walipa kodi.

La pili ni kelele. Njia ilipita Nagoya karibu kabisa na nyumba za watu. Treni zilipita mchana kutwa, nyumba zikitikisika. Mwaka 1974 mamia ya wakazi walishtaki. Mwaka uliofuata serikali ikaweka viwango vya kelele, lakini kesi yenyewe haikumalizika hadi walipopatana mwaka 1986. Miaka 12. Mengi yanayosifiwa leo, kuta za kuzuia sauti na maumbo ya pua za treni, yalitokana na shinikizo hilo. Katika mahandaki, treni ya kasi husukuma hewa ikatoka upande wa pili kwa mshindo kama mzinga. Mhandisi mmoja mpenda ndege, Eiji Nakatsu, alimfikiria mdiria, anavyopiga mbizi bila kurusha maji. Treni iliyoanza kazi mwaka 1997 ikapewa pua ndefu kama mdomo wake. Ndege huyo tunaye hapa kwetu, anavua kwenye mikoko kila siku.

La tatu ni miji midogo. Mara nyingi njia mpya inapofunguliwa, reli ya zamani iliyo kando yake huachwa mikononi mwa kampuni ndogo na serikali za mitaa. Njia ya Nagano ilipofunguliwa mwaka 1997, kipande cha zamani kati ya Yokokawa na Karuizawa kilifungwa kabisa, watu wakapewa basi. Na hata leo, mradi wa treni mpya ya sumaku kati ya Tokyo na Nagoya, uliotarajiwa kuanza 2027, umechelewa. Sababu moja kubwa ni mkoa wa Shizuoka kuhofia kwamba handaki litapunguza maji ya mto Oi. Wenyeji waliuliza maji yao yatakwenda wapi kabla ya kuuliza treni itakimbia vipi.

Mlangoni kwako

Nimalizie na jina Shin-Osaka. Shin ni mpya. Stesheni hiyo ilijengwa nje ya kitovu cha mji wa Osaka, kama ya kwetu ilivyojengwa Miritini, kwa sababu njia mpya haikuweza kupita mjini kirahisi. Lakini mwaka ule ule wa 1964, treni ya chini ya ardhi ya Osaka ilirefushwa hadi hapo. Abiria wa kwanza walishuka wakakuta namna ya kufika mjini tayari.

Kwetu, mtu wa Likoni au Nyali anayekwenda Nairobi kwa treni lazima kwanza ajipange jinsi ya kufika Miritini. Saa anazozitumia kwenye feri, matatu na tuktuk ni sehemu ya safari, ingawa hazimo kwenye ratiba. Ukiifanya treni ikimbie maradufu bila kugusa hilo, utakuwa umempunguzia nusu tu ya shida yake.

Ndiyo maana nasema mwendo ni sehemu ndogo. Kilichotufikisha Nagoya si kilomita 285 kwa saa. Kosa letu lilitokea tukiwa ndani ya treni, na mwendo pekee ungetupeleka nalo mbali zaidi. Kilichotufikisha ni mzee aliyesimama, kondakta aliyejua kila treni iko wapi, na treni iliyofika dakika iliyoandikwa kwenye kikaratasi.

Msimu wa kampeni ukifika, tutaahidiwa treni za kasi tena. Tusiulize zitakimbia kilomita ngapi. Tuulize zitapita ngapi kwa siku, nani atazikagua usiku, abiria atatokaje stesheni hadi nyumbani, nyumba za nani zitatikisika na deni litalipwa na nani. Atakayejibu hayo matano tumsikilize.

Shemeji alipata gari alilolifuata. Kile kikaratasi cha kondakta bado ninacho, ndani ya pasipoti.